Mzee Akinyamaza, Si Kwamba Haumwi

Mzee mwenye saratani huweza kunyamaza huku akiteseka. Hataki kuwasumbua wanawe, au anadhani ndivyo uzee ulivyo. Kwa hiyo muuguzi humwambia, "Bibi, nionyeshe kwa vidole." Ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano, maumivu makali kabisa.

Maumivu yakizidi, mgonjwa huandikiwa mofini ya maji. Hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Wengi huiogopa, lakini ikitumiwa kwa kipimo haiharakishi kifo. Mzee huanzishiwa kidogo, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga choo. Msibadili kipimo wenyewe, na chupa iwe mbali na watoto.

Kwa jirani zetu Uganda, tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hii kuandika mofini.

Familia za Bukoba na Muleba, tiba ya saratani yaweza kuwa mbali, Bugando au Ocean Road. Kutuliza maumivu huanzia kitandani nyumbani. Andikeni daftarini saa za dawa na idadi ya vidole, mmwonyeshe muuguzi. Msingoje mzee alie.