Tezi ya Shingo na Mafuta ya Mwili (3): Nani Huamuru Mlango Ujengwe?

Wiki iliyopita tuliishia mlangoni. Tulisema kila seli ya tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo aliyetua, ina milango ya protini iitwayo NIS, na kwamba chembe moja ya madini joto huvutwa ndani pamoja na chembe mbili za sodiamu. Mlango huo ukikosekana, madini joto ya kwenye chumvi tunayokula huishia kwenye mkojo. Sasa tuulize: nani huamuru mlango wenyewe ujengwe?

Jibu la vitabuni ni TSH, homoni ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ni jibu sahihi. Lakini TSH yenyewe hubisha hodi nje ya seli tu. Ujumbe wake hupokezanwa hadi kwenye kiini, zilimo jeni. Mpokezi mmoja katika msafara huo ndiye aliyenisukuma kuandika mfululizo huu, maana wengi tulimjua kwa kazi nyingine kabisa, ya kusimamia mafuta.

Ni protini iitwayo SREBP. Ilifichuliwa miaka ya 1990 katika maabara ya Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, waliokwishapata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa utafiti wao wa kolesteroli. Tuiangalie kwa karibu. SREBP huzaliwa mfungwa: imeshonwa kwenye utando ndani ya seli, ikiwa imeshikana na protini nyingine, SCAP. Kolesteroli ikijaa kwenye utando huo, protini ya tatu, Insig, huing'ang'ania SCAP, na zote hubaki palepale. Kolesteroli ikipungua, Insig huachia. Hapo SCAP huisindikiza SREBP hadi sehemu ya seli iitwayo Golji, ambako vimeng'enya viwili huikata, kimoja baada ya kingine. Kile kipande kilichokatwa ndicho chenye kazi. Huingia kwenye kiini, hushika DNA mahali pake maalumu, na kuwasha jeni za kutengeneza mafuta na kuyaingiza kwenye seli.

Mwaka 2013 watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliofanyia kazi seli za tezi ya panya, walionyesha kwamba kipande hichohicho huwasha pia jeni ya NIS. Walipozitia seli hizo aina ya kolesteroli inayozuia SREBP isikatwe, milango ilipungua, na madini joto yaliyoingia yakapungua nayo. Jeni ya peroksidesi ya tezi, kimeng'enya kinachobandika madini joto kwenye protini ambamo homoni hutengenezwa, nayo ilionekana kutii amri hiyohiyo.

Hapa naomba tusikimbilie hitimisho. Seli kwenye sahani ya maabara si mtu mzima, na SREBP husikiliza kolesteroli ya utando ule wa ndani ya seli, si ile inayosomwa kwenye karatasi ya vipimo vya damu. Asiwepo wa kusema kolesteroli yake ndiyo iliyofunga tezi.

Kinyume chake ndicho kilichothibitika kwa wagonjwa. Homoni ya thairoidi ikipungua, ini hupunguza vipokezi vinavyoitoa kolesteroli kwenye damu, nayo hupanda. Kwa hiyo mama anayekuja kliniki na kolesteroli ya juu, akilalamika kuchoka, kusikia baridi wenzake wakitoka jasho, ngozi kukauka na uso kuvimba asubuhi, apimwe TSH kabla ya kuandikiwa dawa ya kushusha kolesteroli. Tatizo likiwa ni tezi, mara nyingi tiba ya tezi pekee huishusha kolesteroli hiyo.

Wiki ijayo tutaifuata homoni ya thairoidi iitwayo T3 ndani ya ini, ambako kipokezi chake huhitaji mshirika aitwaye RXR, yuleyule anayehitajiwa na vipokezi vya mafuta viitwavyo PPAR.