Je, Wajua? Waturuki wa Trabzon na damu ya wenyeji

Ukimsikia mtu wa Trabzon, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, akiongea Kituruki, utadhani mababu zake wote walishuka na farasi kutoka Asia ya Kati. Vinasaba vinasema vingine. Damu hiyo ya mbali imo, ila kidogo. Sehemu kubwa ni ya wenyeji, na watu wa huko wanakaribiana sana na jirani zao wa Kaukazi, wakiwemo Wageorgia.

Historia inaeleza sababu. Mwaka 1204 ndugu wawili wa ukoo wa Komnenos, wakisaidiwa na Malkia Tamar wa Georgia, walianzisha hapo milki ya Kigiriki iliyodumu hadi Sultani Mehmed II wa Waosmani alipoitwaa mwaka 1461. Wenyeji wengi hawakwenda popote. Taratibu walibadili dini, kisha lugha. Daftari za kodi za Waosmani zinawafichua: aliyesilimu aliandikwa “mwana wa Abdullah”, yaani mja wa Mungu, jina la baba Mkristo likiachwa nje. Karani hakujua anawaachia wanahistoria ufunguo! Kufikia mwaka 1583 Waislamu walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa mji.

Wengine hata lugha hawakuiacha. Huko Çaykara, mkoani Trabzon, vijiji vya Waislamu bado vinazungumza Romeyka, Kigiriki kilichohifadhi kitenzijina cha kale ambacho Kigiriki cha Athens kilishakipoteza.