Pafu Likatwe Kiasi Gani?

Huko Pemba, mtu akikohoa damu mara mbili tatu, neno la kwanza kinywani mwa jirani ni kifua kikuu. Si neno la kupuuzwa. Ndugu huyo na apelekwe Wete, Chake Chake au Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, makohozi yake yapimwe. Lakini yupo mgonjwa ambaye makohozi yake hayaonyeshi kijidudu chochote, naye kila mwaka hutibiwa pumu, au homa ya mapafu, pafu lile lile, asipone. Wachache miongoni mwa hao wana uvimbe uitwao karsinoidi.

Jina hilo alilitoa Mjerumani Siegfried Oberndorfer mwaka 1907, kwa maana ya kitu kinachofanana na saratani. Leo yajulikana kuwa ni saratani hasa, ila mwendo wake ni wa pole. Ni adimu, na huwapata hata vijana wasiovuta sigara. Ikigunduliwa mapema, tiba yake ni kisu.

Kisu kikate wapi? Pafu la kulia lina mapande matatu, la kushoto mawili, na kila pande lina vipande vyenye njia zake za hewa na mishipa yake ya damu. Mchuma karafuu apandaye mkarafuu, au mvuvi apigaye mbizi kutafuta pweza, ataomba akatwe kidogo iwezekanavyo. Ana haki ya kuomba, kwani pumzi ndiyo riziki yake.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa pande zima. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1995 ulionyesha kuwa waliokatwa kidogo walirudiwa na saratani zaidi. Mwaka 2022 Wajapani walileta habari nyingine. Kati ya wagonjwa zaidi ya 1,100 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 pembezoni mwa pafu, baada ya miaka 5 waliokatwa kipande walikuwa hai 94 katika kila 100, na waliokatwa pande 91. Hata hivyo, msomaji asikimbilie kufurahi: hizo zilikuwa saratani za mapafu zilizozoeleka, si karsinoidi. Kwa karsinoidi, madaktari hutegemea kumbukumbu za wagonjwa waliotangulia.

Kumbukumbu hizo zatenganisha aina mbili. Ile ya kawaida, ambayo chembe zake hugawanyika kwa nadra, ikiwa ndogo na iko pembezoni, mara nyingi huweza kutosha kuondoa kipande, mradi kingo ziwe safi na tezi za limfu zilizo jirani zitolewe zipimwe. Ile kali huelekea kuingia katika tezi, na wapasuaji wengi huona heri pande zima. Taabu ni kwamba aina yenyewe huenda isijulikane kwa yakini mpaka uvimbe wote uwekwe chini ya hadubini, na wakati huo mgonjwa amekwisha pasuliwa.

Tena karsinoidi nyingi hukaa katika njia kubwa za hewa. Hapo mpasuaji stadi aweza kufanya kama fundi bomba: hukata sehemu yenye uvimbe, akaunga ncha mbili, na pafu likasalimika.

Basi kabla ya kutia sahihi, mgonjwa aulize: uvimbe uko wapi, una sentimita ngapi, tezi zitapimwa? Jibu la maabara alitunze pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe. Karsinoidi huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na daktari atakayemwona siku hiyo ataiomba karatasi hiyo.