Kompyuta ya Zamani na Shauri la Kadi Mpya ya Michoro

Mpwa wangu, ambaye riziki yake huipata kwa kupiga na kuhariri video za harusi mjini Tanga, alinijia jioni moja akiwa amekwisha kuazimia kuitia kompyuta yake kadi mpya ya michoro, wala hakuja kutaka shauri, alikuja kutaka nyongeza ya fedha. "Shikamoo, mjomba," akasema, "mashine yangu imezeeka, na fundi ameniambia dawa yake ni kadi." Nilimwitikia marahaba, nikamkaribisha kitako, kisha nikamwuliza kama amewahi kukifungua kifuniko cha mashine hiyo akasoma kibandiko kilicho ubavuni mwa pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme. Hakuwa amewahi. Basi tukaiacha kwanza habari ya fedha, tukaenda kuifungua.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa kuwa mashine yake ni ya namna waliyo nayo wasomaji wengi: Dell OptiPlex 7010, toleo la mwaka 2012, iliyotumikia ofisi fulani ya Ulaya miaka kadhaa, kisha ikaletwa kwetu pamoja na mitumba mingineyo, ikiwa na prosesa ya Intel Core i5-3470 yenye viini vinne, kumbukumbu ya gigabaiti 4, na diski ya kuzunguka. Ni chombo imara, na aliyekinunua hakupunjika; illa kiliundwa kwa ajili ya barua na hesabu za ofisi, na mtu akitaka kukitwisha kazi nyingine sharti ajue kwanza nguvu zake zinaishia wapi.

Kibandiko kilisema wati 275. Hapo ndipo shauri lote huanzia, ingawa wauzaji aghalabu hulitaja mwisho au wasilitaje kabisa. Tundu la PCI Express, ambalo ndilo kadi hupachikwa humo katika ubao mama, huipatia kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi ihitajiyo zaidi ya hapo huletewa waya wa ziada kutoka pawasaplai, wa pini sita kwa wati 75 nyingine au wa pini nane kwa wati 150, na nyaya hizo katika mashine hizi za ofisi hazimo. Wapo mafundi wanaozichukua nyaya nyembamba za diski wakaziunganisha kwa viungio vya kubuni ili kuilisha kadi kubwa, na mimi naliona jambo hilo kuwa ni hatari dhahiri, kwa maana waya uliopitishwa umeme kuzidi kiasi chake hupata moto, na moto ndani ya sanduku la bati lililojaa vumbi hauna adabu.

Kwa hiyo orodha ndefu ya kadi aliyokuja nayo mpwa wangu ilifupika mara moja, zikabaki zile zinazotosheka na umeme wa tundu peke yake: GT 1030 ya mwaka 2017, inayokula wati 30, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019, ambazo kila moja hukadiriwa wati 75, na Radeon RX 6400 ya mwaka 2022, yenye wati 53. Hata GTX 1650 yataka kukaguliwa kabla ya kulipiwa, kwani baadhi ya watengenezaji wameiwekea tundu la waya wa pini sita. Na mwenye sanduku jembamba la namna hizi atapata nafasi ya kadi fupi tu, iliyokatwa nusu ya kimo.

Kijana aliipenda ile RX 6400 kwa kuwa ndiyo mpya kupita zote, na ni rahisi kumwelewa, maana mwaka wa kuzaliwa wa bidhaa humvuta mnunuzi kuliko sifa yake yoyote. Lakini kadi hiyo ina kasoro mbili ambazo kwa kazi yake ni kubwa. Ya kwanza ni kwamba huwasiliana na mashine kwa njia 4 tu badala ya 16. Katika kompyuta mpya zenye PCI Express ya kizazi cha nne upungufu huo haumsumbui mtu sana, ilhali katika mashine ya mwaka 2012, ambayo njia zake ni za kizazi cha tatu au cha pili, mawasiliano yake hushuka hadi nusu au robo. Ya pili ni kwamba walioiunda waliacha kuitia kitengo cha kufungasha video, yaani kile kiungo kinachozigeuza picha zilizohaririwa kuwa faili jepesi la kumkabidhi bwana harusi. GT 1030 nayo haina kiungo hicho. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinacho.

Na hapa nilimwonyesha jambo lililomshangaza. Prosesa yake yenyewe, kwa uzee wake wote, inacho kiungo cha namna hiyo, kiitwacho Quick Sync, ambacho Intel walianza kukitia katika prosesa zao mwaka 2011. Alikuwa hajapata kukiwasha katika programu yake ya kuhariri, na kwa muda wote huo alikuwa akiviachia vile viini vinne kazi ambayo mwenzao aliyekaa bure angaliwapunguzia.

Kisha tukaifanyia mashine mtihani, na mtihani huu kila mtu aweza kuufanya nyumbani pasipo kulipa senti. Afungue Task Manager wakati kazi nzito inaendelea, atazame ni sehemu gani imefika asilimia 100. Ikiwa ni kadi ya michoro, na prosesa imepumzika, basi kadi mpya itamfaa. Ikiwa ni prosesa, kadi ya thamani yoyote itakaa ikiisubiri. Mcheza gemu apunguze ukubwa wa picha: mwendo ukibaki vile vile, kizuizi hakiko kwenye kadi. Wala asisahau kioo chake, kwani kioo cha pikseli 1366 kwa 768 kina nukta zipatazo milioni moja tu, na cha 1920 kwa 1080 kina kama milioni mbili, na nukta zikiwa chache kazi ya kadi nayo hupungua.

Kwa mpwa wangu, kilichojaa kilikuwa ni kumbukumbu, na baada yake diski, ambayo ilisoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, hali diski ya SSD katika tundu lile lile husoma kama 500. Tukanunua SSD na kumbukumbu hadi gigabaiti 16, tukaiwasha Quick Sync, na juma lile hakuulizia kadi tena.

Anayenunua kadi iliyokwisha kutumika naye ana hadhari zake. Tangu tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, soko lilifurika kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana. Si zote mbovu, bali feni zake zikaguliwe. Mbaya zaidi ni zile za kughushi: GTS 450 ya mwaka 2010 hubadilishwa programu yake ya ndani ikajitangaza kuwa GTX 1050 Ti, na mnunuzi hagundui mpaka afike nyumbani. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzitambua nyingi, basi iendeshwe mbele ya muuzaji kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ipo pia hesabu ya umri. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za mwaka 2012 hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Nvidia nao walitangaza mwaka 2025 kwamba draiva za kawaida za gemu kwa kizazi cha GTX 1050 Ti zinafikia ukomo. Kwa sababu hizo, hukumu yangu juu ya mashine za namna hii ni kwamba GTX 1650 isiyohitaji waya, ikipatikana kwa bei isiyozidi ya kompyuta yenyewe, ndiyo kikomo. Na anayehitaji zaidi ya hapo aiweke akiba fedha yake mpaka itoshe kununua kompyuta nyingine.