Akwamarini: Jiwe Gumu Livunjikalo Upesi

Yanapotajwa mawe ya thamani, wengi wetu hukumbuka almasi na zumaridi, wala hatulifikirii jiwe liitwalo akwamarini. Jina lake latoka katika Kilatini, na maana yake ni maji ya bahari, kwa kuwa rangi yake ni samawati, au samawati iliyochanganyika na kijani. Jiwe hili na zumaridi ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili ni madini ya berili. Chembe za chuma zikiingia katika berili huipa rangi hiyo ya bahari. Ikiingia kromiamu au vanadiamu, huwa zumaridi. Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana na berili pengine bila kujua: ndiyo zabarajadi, msingi wa nane wa mji ule ulioelezwa katika Ufunuo.

Warumi wa kale walilipenda sana. Mwandishi wao Plinio, wa karne ya kwanza, alisema kwamba berili bora ni zile zenye kijani safi cha bahari. Mabaharia nao walivaa jiwe hili wakiamini kwamba humkinga mtu na tufani. Lakini wale waliozama wakiwa na pete zao hawakurudi kutoa ushuhuda.

Nchi iliyosifika zaidi kwa mawe haya ni Brazil, hasa jimbo la Minas Gerais. Huko Marambaia, mwaka 1910, lilichimbuliwa jiwe moja la kilo 110.5, zito kuliko gunia la mahindi la kilo 90. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wachimbaji wa jimbo hilo hilo walipata fuwele nyingine kubwa mno, lakini ikawaponyoka, ikaanguka na kuvunjika vipande vitatu. Kipande kikubwa kilipelekwa Ujerumani, katika mji wa Idar-Oberstein, kwa fundi Bernd Munsteiner. Fundi huyo alikitazama kwa muda wa miezi minne kabla ya kukigusa, kisha akakichonga kwa miezi sita. Likatokea jiwe lisimamalo kama mnara, urefu wake sentimeta 35 na uzito wake karati 10,363, yaani zaidi ya kilo mbili, kwani karati tano ni gramu moja. Laitwa Dom Pedro, na tangu mwaka 2012 laonyeshwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Yawezekanaje jiwe gumu namna hiyo livunjike kwa kuanguka tu? Katika kipimo cha ugumu ambacho almasi ni 10, akwamarini ni 7.5 hadi 8. Lakini kipimo hicho chahusu kukwaruzwa, si kupigwa. Kisu hakiwezi kulikwaruza, ila nyundo hulipasua mara moja. Wako watu wasemao kwamba jiwe la kweli hujulikana kwa nyundo. Maneno hayo ni ya hasara tupu, na mwenye kuyafuata hubaki na changarawe mkononi.

Mawe haya hupatikana Afrika pia: Madagaska, Msumbiji, Zambia, Nigeria, na hata hapa Kenya. Hukaa katika miamba yenye kwatzi na ulanga, na fuwele yake ina pande sita kama penseli ya karani. Likiisha kuchongwa, kulitambua ni kazi zaidi. Kioo kilichotiwa rangi mara nyingi huonyesha mapovu madogo ndani kikitazamwa kwa lenzi. Topazi ya samawati hudanganya zaidi, lakini mizani huifichua: berili ya gramu 27 ikipimwa ndani ya maji hupungua gramu 10, na topazi ya uzito huo hupungua chini ya gramu 8.

Wafanyabiashara hulitia joto la nyuzi 400 hadi 450 ili kijani kitoke na samawati ibaki. Huo si udanganyifu, na rangi hiyo hudumu. Ila mtu asijaribu kwa jiko la makaa, kwa maana joto lisilopimwa hupasua jiwe.

Aokotaye jiwe shambani mwake akumbuke kwamba, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote ya Kenya ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba lenye hati. Kabla ya kuchimba, hana budi kupata kibali.

Mwenye pete ya jiwe hili na aioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi laini. Asiiweke katika kifuko kimoja na almasi au yakuti, kwa kuwa hizo hulikwaruza. Na akiipeleka kwa sonara ili ilehemiwe, amwambie alitoe jiwe kwanza, ndipo awashe moto.