Umeoa au kuolewa na Mkenya? Haya ndiyo masharti ya kupata uraia

Katika Kakuma, Kalobeyei na Dadaab, wapo wakimbizi waliofunga ndoa na Wakenya. Baadhi yao hudhani kwamba ukishafunga ndoa, tayari wewe ni Mkenya. Sivyo.

Miaka saba ya ndoa

Kifungu cha 15 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu aliyekaa katika ndoa na raia wa Kenya kwa angalau miaka saba ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Haki hii ni ya waume na wake. Katiba ya zamani iliwapa wake wa Wakenya peke yao.

Kinachohesabiwa hapa ni miaka ya ndoa, si miaka ya kuishi kambini. Aliyefika Kenya mwaka 1992 na kufunga ndoa mwaka 2022 atatimiza muda huo mwaka 2029.

Masharti mengine

- Ndoa iwe imefungwa kwa njia inayotambuliwa na sheria za Kenya.
- Muwe mnaishi pamoja wakati wa kuomba.
- Ndoa isiwe imefungwa kwa ajili ya kutafuta uraia.
- Usiwe umehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi.

Cheti cha ndoa

Hapa ndipo wengi hukwama. Mahari yalilipwa na wazee walishuhudia, lakini hakuna cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, hata za kimila na za Kiislamu. Kama hamna cheti, anzeni kukitafuta sasa. Msingoje mwaka wa saba.

Watoto je?

Mtoto hahitaji kusubiri. Kama mama au baba ni raia wa Kenya, mtoto ni raia tangu kuzaliwa. Hakikisha cheti chake cha kuzaliwa kina majina ya wazazi wote wawili.

Ukishapata uraia

Hadhi yako ya ukimbizi itakoma, pamoja na misaada inayotolewa kwa wakimbizi. Zungumzeni jambo hili nyumbani kabla ya kuomba. Mkiachana baadaye, talaka haikuondolei uraia. Lakini ukigundulika uliupata kwa udanganyifu, unaweza kunyang'anywa.

Maombi hupelekwa Idara ya Uhamiaji. Usimpe pesa mtu anayekuahidi njia ya mkato. Kabla ya kujaza fomu, omba ushauri kwa shirika la msaada wa kisheria lililo karibu nawe.