Simu Inayolia Mara Moja na Kukatika

Kwetu kubipu ni jambo la kawaida. Asiye na salio hupiga, simu ikalia mara moja, akakata, nawe unampigia. Matapeli wanaitegemea tabia hiyo hiyo. Japani mchezo huu huitwa wangiri, yaani mlio mmoja kisha kukata. Kompyuta hupiga maelfu ya namba na kukata upesi. Gharama huanza pale unapopiga wewe: unatozwa bei ya simu ya nje, na sehemu ya fedha hiyo humfikia tapeli. Ndiyo maana utasikilizishwa muziki au kuambiwa usubiri.

Kwa kuwa salio la simu ya mradi hutokana na michango ya watu, tunaziomba kamati za sharika ziangalie mwanzo wa namba kabla ya kupiga. Tanzania ni +255. +225 ni Côte d'Ivoire, na jicho la haraka halioni tofauti. Kama hamna mtu huko, acheni. Mwenye shida ya kweli atapiga tena au atatuma ujumbe.

Wafadhili wetu mlio ng'ambo, tunaomba mtume ujumbe mfupi wa kujitambulisha kabla ya kupiga, maana nanyi namba zenu ni ngeni kwa wengi.